Vizibao Vyetu Vinapendana Kuliko Sisi

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, maana binti yangu mkubwa nilipomwambia nakuandikia alicheka mpaka akakaa chini, na mimi hapa nilipo maji yamenifika shingoni, sijui nimwambie kaka yangu ukweli nimpoteze baba, au ninyamaze nibaki naye kwa uongo ambao wala sikuutunga mimi, umetungwa na vizibao.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, chumba cha mbele ndicho karakana, ndicho sebule na ndiyo njia ya kwenda jikoni, na ndani ya nyumba hii naishi na baba yangu mzazi pamoja na binti zangu wawili, mkubwa ni msusi na ndivyo tunavyomwita, Msusi, na mdogo yuko sekondari, tunamwita Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na tangu siku hiyo hajanyamaza, isipokuwa siku hizi maneno yake yote yanaishia kwenye simu. Baba yao ni dereva wa malori ya safari ndefu, huyo nyumbani huja kama mgeni, tusimhesabu. Sasa baba yangu alikuwa mwoka mikate tangu ujana wake mpaka bega lilipomgomea, wajukuu wanamwita Babu Tanuri, na hapo ndipo penye kisa chenyewe, kwa sababu mwoka mikate hata akistaafu mwili wake haustaafu, alfajiri wakati wenzake tunageukia upande wa pili yeye keshaoga, keshafuta jiko, anapiga mluzi jikoni, na jua likianza kuzama tu anapiga miayo, chakula cha jioni kikiiva yeye keshalala. Na wasichana wanarudi lini? Msusi anarudi wateja wakiisha, na wateja wa saluni huwa hawaishi, Kasuku anatoka masomo ya ziada giza limeshaingia, wakifika Babu anakoroma, na asubuhi wanatoka mbio mkate mdomoni, salamu wanaitupia mlangoni. Wanaishi nyumba moja kama walinzi wa zamu mbili, huyu akiingia yule anatoka.

Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, anaishi mji mwingine, basi alikuja kututembelea akamkuta Baba peke yake jikoni anaiambia birika, "Wewe nawe leo umekuwa mvivu kweli," kaka akanijia hapa kwenye cherehani uso umemshuka, akaniambia, "Mdogo wangu, Baba anaishi humu kama mpangaji. Anaongea na birika!" Nikamwambia, "Kaka, Baba ameongea na tanuri maisha yake yote, birika ndiyo itakushangaza?" Hakucheka. Akasema anamchukua, kwake kuna chumba kitupu ameshakipaka rangi, mkewe ni muuguzi, na wana mapacha wadogo ambao kila siku huamka kabla ya jogoo na kuisumbua nyumba nzima. Mimi nikalia, nikamwambia kumchukua Baba ni kunitangaza kwa ukoo wote kwamba nimeshindwa kumtunza, tukabishana weee, mpaka Baba mwenyewe akachungulia kutoka jikoni akatuuliza kama tunataka chai.

Kaka alikuwa bado hajaondoka ndipo akapita mtafiti, binti mmoja mpole mwenye miwani na begi mgongoni, akasema wanatafuta nyumba ambazo wazee na vijana wanaishi pamoja, wanataka kupima wako karibu kiasi gani, na kwamba hawaulizi kwa mdomo, kwa sababu ukiwauliza watu kwa mdomo kila nyumba inasema sisi tunakaa na mzee wetu kutwa, tunapiga naye soga. Kwa hiyo wana beji, ndogo tu, kama kifungo cha koti, ya mzee inajua kama ya mjukuu iko jirani, kama umbali wa kunyoosha mkono hivi, na inaweka kumbukumbu, haisikilizi maneno wala haipigi picha. Baba alisikiliza kwa makini, akaishika beji akaigeuzageuza, akauliza, "Na hii itajuaje kama mwenyewe hayupo?" Mtafiti akacheka, akamwambia, "Haitajua, mzee. Inajua beji wenzake tu, ndiyo maana tunawaomba msizivue ovyo, na mkilala kila mtu aiweke kando ya kitanda chake." Kaka akapiga paja lake, akasema hayo ndiyo maneno, mashine haina upendeleo, ikionyesha wajukuu wako karibu na Baba yeye hatafungua mdomo tena, ikionyesha vingine anakuja na gari. Nami kwa jeuri yangu nikasema sawa, nikampa na mkono.

Hapo nije kwenye vizibao. Beji zilikuja na pini za kubandika nguoni, na mimi, Shangazi, ni fundi, siwezi kukaa nikaangalia pini inatoboa kitambaa kizuri, halafu siku ya kwanza tu ya Kasuku ilidondoka kwenye ndoo ya maji ya kufulia, moyo ukanipasuka, nikachukua mabaki ya kitambaa cha sare za hoteli niliyokuwa naishonea, nikashona vizibao vitatu vinavyofanana, kila kimoja na kamfuko ka ndani kenye kifungo, beji ikiingia humo haitoki. Vilipendeza kwa kweli. Siku za mwanzo walivivaa, halafu wateja wa saluni wakaanza kumuuliza Msusi kama siku hizi anapeleka sahani hotelini, na Kasuku akasema shuleni hawaruhusu, basi vikawa vinavuliwa na kuachwa hapa karakana, juu ya kiti, juu ya meza ya kukatia, mimi nina kazi za watu sikuwa na muda wa kufikiria beji imo au haimo. Na Baba ni mtu wa mpangilio, hajawahi kuona kitu kimekaa ovyo akakipita, kila alfajiri alikuwa anaviokota anavitundika kwenye bomba ninalotundikia nguo za wateja, cha Msusi huku, cha Kasuku kule, chake katikati, vikashinda na kukesha hapo, na asubuhi moja Kasuku alipokumbuka cha kwake akiwa mlangoni, Baba alimwambia, "Kiache mjukuu wangu, leo joto litakuua," nikamshukuru moyoni kwa huruma yake.

Mtafiti akarudi kuchukua beji, akaenda, akarudi tena na majibu huku meno yote nje. Alikuwa na karatasi, kila nyumba na mstari wake, nyingine mistari yao imelala chini kabisa, nyingine imejitahidi kidogo, wetu sisi ulipanda ukaenda ukakaribia kutoka nje ya karatasi. Akanishika mikono miwili, akasema, "Mama, hakuna nyumba tuliyopima yenye babu na wajukuu walio karibu kama wenu. Na usiku ndiyo zaidi! Mnakaa mnazungumza mpaka alfajiri?" Shangazi, hapo macho yalinienda kwenye lile bomba, na vizibao bado vilikuwa pale vitatu, vimeegemeana mabega. Msusi alikuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Mama, mimi Babu nilimwona lini?" nikamkanyaga mguu. Baba akaomba karatasi, akautazama ule mstari, akaikunja karatasi vizuri akaitia mfukoni, akasema, "Vizuri sana," akarudi jikoni akipiga mluzi.

Kaka nikampigia simu siku hiyohiyo, au tuseme ulimi ndio uliompigia, maana nilikuwa sijafikiri, nikamsomea majibu, akasema, "Nisamehe mdogo wangu, nilikuhukumu," na mimi nikasema hamna neno kaka, yamekwisha. Sasa kile chumba amekipatia mpangaji, anaingia mwisho wa mwezi, na Jumamosi ya wiki ijayo watafiti wana kongamano lao, wanataka familia nzima tupande jukwaani tuwaambie watu siri ya ukaribu wetu. Msusi anasema, "Mama, tupeleke vizibao vikaongee."

Nifanyeje? Nikisema ukweli kaka atakuja na gari, na atakuwa na haki ya kuja, na nitaaibika mbele ya wasomi wa watu. Nisiposema, Baba anabaki kwangu, lakini siku hizi nikimwangalia anavyozunguka jikoni peke yake nawaza wale mapacha wanaoamka alfajiri kama yeye, nawaza labda kule angekuwa na mtu wa kuongea naye, na mimi nimemfungia hapa kwa kamfuko kenye kifungo. Na ninampenda baba yangu, Shangazi, usifikiri vingine, kila siku ananiletea chai anaiweka pembeni ya cherehani, mimi nashona mpaka inapoa, naimeza hivyohivyo, lakini ninajua nani ameileta. Yeye mwenyewe sijamwambia kitu, naogopa nitamvunja moyo, alivyoufurahia ule mstari.

Ni mimi, Fundi wa Vizibao.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, Fundi. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Kucheka nimecheka, nisikufiche. Nilijikaza vizuri tu mpaka ulipomkanyaga mwanao mguu, hapo nikashindwa.

Nianze kwa kukupunguzia mzigo. Hukumdanganya mtafiti. Ulishona mfuko, na bila shaka ni mfuko mzuri. Umefanya kosa ambalo fundi pekee angeweza kulifanya: ulitunza beji isipotee, ukasahau kwamba iliyotakiwa kutembea ni beji pamoja na mtu wake. Hilo ni jambo la kucheka, na wenyewe wakiambiwa watacheka. Lakini tangu ulipoviona vizibao kwenye bomba na kuelewa, halafu ukanyanyua simu na kumsomea kaka yako majibu, hapo usinisingizie vizibao. Havina mdomo. Uliyesema "yamekwisha" ni wewe.

Sasa twende kwenye jambo ambalo umeniandikia mwenyewe na hujaliona, mpaka nimejiuliza kama barua uliiandika huku unashona.

Unaniambia unaogopa kumvunja Baba moyo kwa sababu hajui. Hajui nini? Mtafiti alipoeleza habari ya beji, katika nyumba nzima ni nani aliyeuliza itajuaje kama mwenyewe hayupo? Si wewe, wewe ulikuwa unapeana mikono na kaka yako. Ni mzee. Na alijibiwa mbele yenu wote kwamba haitajua. Halafu ni nani aliyeokota vizibao kila alfajiri? Ni nani aliyekiweka chake katikati, badala ya mwisho wa bomba au kwenye msumari wa chumbani kwake? Mtu anaamka kabla ya jua, wakati ubaridi bado upo, anakiacha kizibao kwenye bomba ndipo anaingia jikoni, wewe unaona mpangilio! Na siku mjukuu alipotaka kukivaa chake, akaambiwa akiache, joto litamuua. Asubuhi, Fundi. Joto gani la asubuhi linaloua?

Inawezekana nakosea, mimi simjui mzazi wako na huenda kweli ni mtu anayependa vitu vikae sawasawa. Lakini kama ningekuwa mtu wa kubahatisha, ningesema Babu Tanuri alisikia kila neno mlilobishana hapo karakana, maana jikoni kwenu si mbali na mlikuwa hamnong'oni. Alisikia kwamba mashine ndiyo itakayoamua alale wapi. Hakuna aliyemuuliza yeye. Basi akatafuta namna ya kusema, akasema kwa kizibao. Mzee anayetaka kwenda kwa mapacha angekivaa, akatoka nacho matembezini, mstari wenu ukalala chini kama wa majirani, akafungashiwa nguo zake bila ugomvi. Huyu ameupandisha mpaka umekaribia kutoka nje ya karatasi. Na majibu yalipokuja aliyakunja akayatia mfukoni. Unafikiri alikuwa anafurahia nini?

Usianze kushangilia. Najua umeshaanza, kaa chini. Mimi nilipofika hapo kwenye barua yako nilisikitika, nikaiweka kando kwanza. Baba mzima, aliyewalea ninyi wawili kwa mikate, amelazimika kuihadaa mashine ili asihamishwe nyumbani kwa mwanawe. Wewe na kaka yako mnapendana na mnampenda, silipingi hilo. Lakini mlikuwa mmesimama chumba cha mbele mnagombea nani ni mtoto mzuri, na mwenye kugombewa akatoka kuwauliza kama mnataka chai. Kwani mlimjibu nini? Hata hilo hukuniandikia.

Habari ya birika usiitumie tena kama utetezi, ni ya kuchekesha lakini haitoshi. Kweli, mtu aliyezoea kuongea na tanuri ataongea na birika. Lakini zamani kulikuwa na wapishi wenzake pembeni, na wateja dirishani. Siku hizi birika ndiyo imebaki peke yake, na kaka yako aliliona hilo kwa ziara moja. Alikosea dawa, ugonjwa aliuona.

Wasichana wako sitawasema sana, mmoja ana kazi na mwingine ana mitihani, na hakuna aliyekosa adabu. Tatizo ni zamu tu. Zamu hubadilishwa. Huyo Kasuku anayesoma masomo ya ziada usiku kwa kusinzia, achukue madaftari yake ayapeleke jikoni alfajiri, kuna mtu yuko macho, jiko limeshawashwa na chai ipo. Simu ibaki chumbani. Kama ni kweli haishiwi maneno, baba yako atayapokea vizuri kuliko birika. Msusi naye saluni haifunguliwi alfajiri, hata kama wateja wake hawaishi. Siku mbili tatu kwa wiki aamke mapema, amfanyie babu yake masaji ya bega lililomgomea, mikono ya msusi inajua kazi hiyo. Wataona taabu wiki ya kwanza. Usiwaonee huruma.

Na wewe? Nimesoma barua yako nikikutafuta humo ndani. Wasichana hawakai na babu, umeeleza vizuri. Kaka yuko mbali, umeeleza. Mume anakuja kama mgeni, umemtania hata hayupo kujitetea. Wewe uko nyumba hiyo kutwa nzima, mlango mmoja kutoka jikoni, na kitu pekee ulichoniambia kuhusu wewe na baba yako ni chai inayopoa. Una bahati watafiti walikuwa wanapima vijana na wazee tu, mtu wa makamo hawakumpa beji. Mstari wako, Fundi, ungekuwa wapi? Sikusemi kwa ubaya, nami nina mama yangu na nina simu ambayo siipigi. Sare za hoteli hazitakimbia. Akileta chai, toa mguu kwenye cherehani, mvutie kiti, inywe ikiwa moto, mkiwa mnatazamana.

Tuje kwenye kongamano. Jukwaani msipande kueleza siri ambayo hamna. Yule binti alikuja na beji kwa sababu midomo ya watu inadanganya, na wewe sasa unataka kuipeleka midomo ikaisaidie beji kudanganya. Mpigie kabla ya Jumamosi, mwambie ukweli wa vizibao kama ulivyoniambia mimi, pamoja na bomba na kila kitu. Usiogope wasomi. Kazi yao ni kutaka kujua, na umewaletea jambo ambalo wasingelijua bila wewe: wakipima tena, waangalie kama beji ina mtu ndani yake. Pengine nyumba nyingine nazo zina vizibao vyao. Huenda watakualika bado, ukawachekeshe, na hapo Msusi aruhusiwe kubeba vile vizibao kama anavyotaka.

Lakini hilo linaweza kungoja kesho. Mpangaji hangoji, na chumba kikishachukuliwa hakuna tena cha kuchagua, kwa hiyo kaka yako anatangulia. Utamwambia yote mawili, kwamba mstari ulikuwa wa nguo, na kwamba Baba ndiye aliyezitundika. Asikasirike. Akikasirika, mwambie Shangazi amemuuliza yeye alikuwa anakuja kumwona mzazi wake mara ngapi kabla ya kuleta rangi ya ukutani.

Halafu swali muulizeni Baba, ninyi wawili, kwa sauti, kwa maneno: unataka kukaa wapi? Msimpe majibu ya kuchagua. Msimsaidie kumaliza sentensi. Huenda atasema kwako. Huenda atasema miezi kadhaa huku na miezi kadhaa kule, wazee wanajua kugawa. Na huenda, Fundi, jiandae kwa hili, atasema kwamba alikuwa anataka kwenda kwa mapacha tangu mwanzo ila aliogopa utalia. Ikiwa hivyo utamfungia nguo zake mwenyewe, utazipiga pasi, na utalia akishaondoka. Kumtunza mzazi hakupimwi kwa kuta za nyumba aliyomo, na ukoo unaosema vingine usiusikilize.

Neno langu la mwisho. Jina lako nimelificha, na mji sikuutaja. Lakini fundi cherehani mwenye baba mwoka mikate, mabinti wawili, msusi na mwanafunzi, na vizibao vitatu vya kitambaa cha sare za hoteli, hapo hata mimi nimeshindwa kukuficha. Huko kwa kaka yako gazeti hili linauzwa asubuhi kama huko kwako. Kwa hiyo usianze kusoma ukurasa mwingine, usirudi kwenye cherehani. Simama, nenda jikoni, kaa karibu na Baba, piga hiyo simu sasa hivi, na kaka yako akipokea, usiseme kitu. Mpe Baba aongee kwanza.